Misumari Sita kwa Sita

Juzi nilikwenda sokoni kununua nyanya. Binti anayeziuza alikuwa na wateja wengine na redio yake ilikuwa juu, basi sikutaka kuchosha koo langu. Nikainua mkono wa kushoto, vidole vitatu. Nikainua wa kulia, vidole vitatu. Akanihesabia nyanya sita, akazifunga, akanipa. Nikacheka mpaka nikakohoa, maana mimi nilikuwa nimeomba ishirini na moja.

Binti hakukosea. Kosa ni la mzee aliyestaafu zamani ambaye mikono yake bado iko kazini. Ninyi vijana mnaonikuta barabarani nimeinua vidole, msidhani ninawabariki, wala msidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Kaeni niwaeleze. Nitaruka huku na huku kwa sababu ndivyo ninavyokumbuka, lakini tukimaliza mtajua kuhesabu hadi thelathini na tano kwa mikono miwili tu, jambo ambalo nadhani walimu wenu hawajawafundisha.

Nilifanya kazi katika chumba cha mataa, kwenye mdomo wa mgodi mmoja wa chini ya ardhi, si mbali na hapa Likasi. Ilikuwa miaka ya kampuni ya serikali, miaka ya abakosti, ile suti isiyo na tai, na ya kuitana "citoyen", yaani raia, hata kama huyo citoyen mlilala naye kitanda kimoja utotoni. Kazi yetu ilikuwa hivi. Mchimbaji akija asubuhi anachukua jetoni yake ubaoni, kipande cha duara cha shaba chenye tundu katikati na namba iliyogongwa juu yake. Anatuonyesha, tunampa taa yake ya kofia yenye betri iliyojaa, anashuka na jetoni mfukoni. Akipanda, anarudisha taa na kutundika jetoni kwenye msumari wake. Msumari ukibaki mtupu zamu ikiisha, maana yake mtu bado yuko chini, na hakuna anayekwenda nyumbani mpaka ajulikane.

Mkubwa wa chumba alikuwa Papa Mwansa, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, aliyesoma miaka michache na aliyekasirika haraka ukimrudishia betri bila kuifuta. Mimi nilitoka shule ya Mulungwishi na cheti changu kwenye bahasha, nikijua aljebra, nikijiona nimepewa kazi ya chini ya hadhi yangu. Nilikuwa na majivuno, sitawaficha.

Ubao wa Papa Mwansa ulikuwa na safu sita, kila safu misumari sita. Safu ya juu ilikuwa ya sifuri, na msumari wa kwanza wa kila safu pia ulikuwa sifuri. Kwa hiyo jetoni zilisomeka 00, 01, 02, 03, 04, 05, halafu zikaruka moja kwa moja hadi 10. Kutoka 15 zikaruka hadi 20. Ya mwisho ilikuwa 55. Hakukuwa na sita, saba, nane wala tisa popote pale. Niliuona ubao huo siku ya kwanza nikafikiri fundi aliyezigonga alikuwa amekunywa.

Asubuhi ileile akaja Musonda, jitu la kutoboa miamba, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Akanionyesha jetoni 23. Taa zilikaa kwenye rafu moja ndefu bila namba, kila moja mahali pake, nami nikahesabu kutoka mwanzo wa rafu hadi ya ishirini na tatu, nikampa kwa adabu. Mwenye taa ile alikuwa mgonjwa nyumbani na betri yake haikuwa imejazwa. Baada ya muda Musonda akapanda akipapasa ukuta, amejaa matope mpaka kwenye nyusi.

"Nani njo alinipa hii taa?" akauliza. "Betri ya kufa! Minye natembea mu giza, nashika ukuta sawa panya!"

Nilitaka kujificha chini ya meza. Papa Mwansa hakunigombeza. Alinishika mikono, akaniinulia vidole viwili vya kushoto na vitatu vya kulia.

"Mutoto wa masomo," akasema, "hii aiko makumi mbili na tatu, hapana. Huku kushoto ni sita-sita. Uko na sita ngapi?"

"Mbili, Papa."

"Mbili za sita ni ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Weka hizi tatu juu."

"Kumi na tano."

"Bon. Taa ya Musonda iko ya kumi na tano. Kamuletee, na umuombe pardon. Na weye Musonda, acha kelele, hata weye ulikosea mwaka mzima."

Musonda akacheka kwa sauti iliyotikisa rafu, na tangu siku hiyo akaniita Makumi Mbili.

Mtauliza kwa nini watu wazima wajitese hivyo. Zamani, kabla yangu, ubao ulihesabiwa kwa kumi kama kawaida. Lakini jetoni ya duara yenye tundu katikati haina juu wala chini. Siku moja mwenye tisa akapanda amechoka, akaitundika jetoni yake kwenye msumari wa sita. Mwenye sita akakuta msumari wake umejaa, akaitia yake mfukoni akaenda zake. Zamu ikaisha, msumari wa tisa mtupu. Watu wakashuka kumtafuta, wakaita kila njia hadi sauti zikakauka. Walipokwenda nyumbani kwake kupeleka habari mbaya, mkewe akaanza kulia uani, akagaagaa chini, na alikuwa amekwisha kupoteza kitambaa cha kichwa alipokumbuka kwamba mume wake yuko ndani anakula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo.

Papa Mwansa alicheka kama wengine, halafu akakaa kufikiri. Akaona kuwa ukihesabu kwa sita, hutahitaji kamwe kuandika sita wala tisa. Moja yetu ilikuwa na pua, kama wanavyoiandika Wafaransa, basi hata ukiigeuza unajua kichwa chake kiko wapi. Akaomba jetoni mpya karakana, akapigilia misumari upya kwa mkono wake mwenyewe. Jetoni 00 akaichukua yeye, kwa sababu yeye hashuki, na wachimbaji thelathini na watano wa zamu yake wakapata 01 hadi 55.

Faida nyingine alizigundua baadaye, na hizo ndizo zilizoniponya majivuno. Chini kule mashine za kutoboa zinapiga kelele mpaka meno yanacheza. Huwezi kumwita mtu. Lakini mkono mmoja una vidole vitano, na ngumi ni sifuri, basi mkono mmoja unabeba tarakimu moja kamili ya hesabu ya sita. Kushoto ni safu, kulia ni msumari. Mtu mwenye nne-tatu anaonekana kwa mbali chini ya taa yake, nne huku na tatu huku, na kila mtu anajua ni nani. Kwa vidole vilevile ninyi mnaishia kumi.

Tena, wachimbaji walifanya kazi watatu-watatu kwa kufuata namba, na mmoja wao alishika mashine. Nani ashike? Papa Mwansa aliweka sheria kwamba ni yule ambaye mkono wake wa kulia ni ngumi au vidole vitatu. Katika hesabu ya sita, namba inayogawanyika kwa tatu huishia sifuri au tatu, daima, haina ujanja. Hakuna aliyepanga orodha wala kugombana asubuhi.

Mimi pia nilipata changu. Siku moja ya utulivu nilikuwa nafuta vumbi ubaoni, nikaanza kwa mchezo kutafuta namba zile kaidi zisizogawanyika kwa nyingine yoyote, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, tulizozikariri Mulungwishi bila kuona mpango wowote ndani yake. Nikaweka alama ya chaki chini ya kila moja. Ukiacha mbili na tatu, zote zilikuwa kwenye nguzo mbili tu, ile ya msumari wa moja na ile ya msumari wa tano. Nilisimama pale na chaki yangu nikatabasamu peke yangu. Ni wazi ukifikiri, kwa kuwa nguzo nyingine zote zinagawanyika kwa mbili au kwa tatu, lakini kuiona kwa macho, imetundikwa kwa shaba inayong'aa, ilinifurahisha kuliko mshahara wa kwanza. Nikamwita Papa Mwansa nikamweleza.

Akatazama ubao. "Ya moja na ya tano," akasema. "Lakini hao njo banapenda kubishana kila siku! Minye nilijua iko kitu."

Na kweli, wabishi wa zamu yetu wengi walitundika huko. Ya hisabati nimewaeleza, hiyo nyingine sijaielewa hadi leo.

Sasa kitu cha mwisho alichonifundisha, na hiki mkishike vizuri. Bomba la hewa ya mashine lilitoka kwenye nyumba ya kompresa, mashine ya kusukuma hewa, likapita mlango wa mgodi na kuteremka hadi ndani kabisa. Ukiligonga kwa spana huko chini, juu tunasikia. Karibu na mwisho wa zamu kompresa ilizimwa, na mkubwa wa kikundi aligonga namba za waliobaki naye. Mbili, kimya kidogo, tatu, na huyo ni mbili-tatu. Kwa sifuri alikwaruza. Ungehesabu kwa kawaida, mtu wa thelathini na tano angegongwa mara thelathini na tano, na nani angesikiliza bila kupotea? Kwetu alikuwa tano na tano.

Baada ya namba zote, mgongaji aliongeza kitu tulichokiita mkia. Alijumlisha vidole vyote alivyotuma, akatupa tano-tano mpaka zikaisha, akagonga kilichobaki. Sisi juu tulijumlisha vilevile. Mkia ukilingana, tumesikia vizuri. Usipolingana, tunagonga haraka haraka kuomba arudie. Nilimuuliza Papa Mwansa kwa nini tano.

"Kidole cha kushoto iko sita," akasema. "Sita ni tano na moja. Tupa tano. Inabakia nini?"

"Moja."

"Sawa na kidole cha kulia. Donc ukitupa tano, mikono yote mbili inakuwa ndugu. Hata ukijumlisha namba za bantu kwa kumi yenu ile ya masomo, ukitupa tano, mukia utakuwa uleule. Jaribu."

Nilijaribu wiki nzima, nikitafuta namba itakayomwaibisha. Sikuipata.

Papa Mwansa akastaafu, akaenda kuvua samaki kwenye mto Lufira upande wa Koni, akaniachia ubao na jetoni 00. Muda mfupi baadaye akaja Injinia Ngandu, kijana wa chuo kikuu, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Hakuwa mtu mbaya. Alitembea chumbani kwangu mikono nyuma, akasimama mbele ya ubao.

"Citoyen Kabamba, tuko mu siècle gani, karne ya ngapi?" akauliza. "Bakubwa banakuja kutembelea, banakuta jetoni makumi tano na tano, banafikiri tuko na bantu makumi tano na tano. Kumbe beko makumi tatu na tano! Ni haya kwetu. Tunahesabu na kumi, sawa dunia yote."

Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Ningeweza kumweleza. Nilijua kila sababu. Lakini aliongeza kwamba anatafuta msaidizi mwenye akili wa ofisini, naye akanitazama, nami nikasema "Ndiyo, Chef" kabla hajamaliza kupumua. Niliandika orodha mwenyewe kwa mwandiko wangu mzuri, mbili-tatu anakuwa 15, nne-tatu anakuwa 27, na kadhalika hadi mwisho. Jetoni mpya zikaja, zenye tundu pembeni safari hii ili sita isigeuke tisa. Za zamani nikazimwaga kwenye mkebe wa maziwa ya unga, nikasukuma mkebe chini ya meza kwa mguu.

Mwenye 27 huyo alikuwa Kilufya, rafiki yangu, na dada yake Feza aliuza mikate ya kukaanga mlangoni mwa mgodi. Nilikuwa nanunua mikate mingi kuliko tumbo langu lilivyoweza kubeba. Feza alijua sababu, Kilufya alijua, Musonda alikuwa amewatangazia wote kwa sauti yake ile. Ni mimi peke yangu niliyekuwa bado sijasema.

Siku ya nne ya jetoni mpya, saa nne asubuhi, ardhi ilinguruma chini ya miguu yetu na vumbi likatoka mdomoni mwa mgodi. Dari ya njia moja ilikuwa imeanguka. Watu wakapanda mbio, wakatawanyika uwanjani, na nani atakumbuka kutundika jetoni saa kama hiyo? Zilikuwa mifukoni, nyingine zimeanguka njiani. Ubao wangu mpya haukuniambia kitu. Tuliita majina, lakini wengine walikuwa wamekimbilia barabarani, wengine walijibu mara mbili. Feza akaja na beseni lake la mikate kiunoni.

"Kabamba, kaka yangu eko wapi? Hapa bote banapanda, yeye simuone."

Nikageukia ubao. Nilikuwa mlinzi wa ubao na sikujua nani yuko chini. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Halafu mtu wa kompresa akapiga kelele kwamba bomba linagongwa. Injinia Ngandu akaamuru mashine izimwe, tukazunguka bomba, yeye na kapita, msimamizi wa zamu, na mimi na nusu ya zamu. Mbili, tatu. Kimya. Injinia akaandika 23 kwenye daftari lake.

"Vingt-trois njo minye, Chef!" mtu mmoja akasema nyuma yetu, mdomo umejaa mkate wa Feza. "Niko hapa!"

Nne, tatu. Injinia akatazama orodha yangu nzuri. Namba ya mwisho ilikuwa 35. Arobaini na tatu hakuwepo duniani. Tano, mbili. Naye hakuwepo. Moja, nne. Mwenye 14 alikuwa amekaa juu ya gogo anafunga kamba za viatu. Watu wakaanza kusema kila mtu lake, kelele ikajaa, mlio uliofuata haukusikika.

Injinia alikuwa amegeuka rangi. "Hewa imeisha kule," akamwambia kapita kwa sauti ya chini. "Banagonga bule, akili inapotea. Hatuna muda wa kuchimba na mikono. Lete baruti."

Kapita akasema baruti inaweza kuangusha dari iliyobaki. Injinia akasema anajua, lakini watu wasio na hewa hawawezi kungoja. Naamini alikuwa anafanya alichoona ni sawa. Kapita akaenda kuita watu wa baruti.

Mimi nilikuwa bado nimeinamia bomba, na nikaona mikono yangu imejiinua yenyewe. Mbili huku, tatu huku. Nikamwona Musonda na matope kwenye nyusi.

"Chef!" nikasema. "Hawajapoteza akili. Wanagonga namba za zamani. Siku nne hazitoshi vidole kusahau. Wanahesabu kwa sita!"

"Citoyen, hii aiko saa ya michezo."

"Mbili-tatu ni Musonda. Nne-tatu ni Kilufya." Nilisikia beseni la Feza likianguka nyuma yangu. "Wako wanne, na hewa wanayo, kwa sababu mtu asiye na hewa hawezi kufanya hesabu wanayoifanya. Watarudia sasa hivi, maana hatujawajibu. Chef, ngoja warudie, na baada ya namba zote wataongeza mlio mmoja wa mwisho. Nitakuambia utakuwa mara ngapi kabla haujaja."

Akanitazama. Nikachukua chaki nikaandika kwenye ukuta wa kompresa, 2 na 3, 4 na 3, 5 na 2, 1 na 4. Nikajumlisha. Ishirini na nne. Nikatupa tano-tano.

"Nne," nikasema. "Mkia utakuwa nne. Usipokuwa nne, leta baruti, na mimi unifukuze kazi."

Uwanja ukanyamaza. Hata yule wa mkate aliacha kutafuna. Bomba likaanza tena, polepole, kwa mkono mzito nilioujua. Mbili, tatu. Nne, tatu. Tano, mbili. Moja, nne. Kikaja kimya kirefu kuliko vyote, na ndani yake nilimwomba Mungu kwamba Musonda, aliyekosea mwaka mzima, asikosee leo.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Kisha kimya.

Injinia Ngandu alikuwa ameshika penseli hewani. Akatazama ukuta, akatazama orodha, midomo ikicheza. "Kumi na tano, makumi mbili na saba, makumi tatu na mbili, kumi," akanong'ona. "Yote ni quatre-vingt-quatre, makumi nane na nne. Toa tano-tano... inabakia nne." Macho yakamtoka. "Ni preuve par neuf, kuhakikisha hesabu kwa tisa! Ile tulifanya ku primaire! Mu hesabu ya kumi unatupa tisa. Mu hesabu ya sita unatupa tano. Mais c'est la même chose, ni kitu kimoja!"

"Ndiyo, Chef."

"Na beko hai. Na akili yabo iko muzuri kupita yangu." Akakimbia kumzuia kapita, suruali yake ya pasi ikiingia kwenye matope hadi magotini, na hakuijali.

Nilichukua spana nikagonga mkia wao, nne, kuwaambia tumesikia. Kilichorudi hakikuwa namba. Ulikuwa mdundo wa kucheza, ule wanaoupiga vijana kwenye ndoo siku ya harusi. Feza alicheka na kulia kwa pamoja, akaniuliza ni nani huyo anayepiga.

"Ni kaka yako," nikamwambia. "Musonda hajui ngoma."

Walichimba kwa mikono na kuegemeza magogo hatua kwa hatua. Saa kumi alasiri, jua bado liko juu, wakatoka wote wanne, weupe kwa vumbi, wakifumba macho. Watu wakawarukia. Kilufya hakuweza kusema, koo limekauka. Akatafuta ubao wangu kwa macho, akaniona nimesimama mlangoni, akainua mkono wa kushoto vidole vinne na wa kulia vidole vitatu. Nami nikajibu kwa sauti kama tulivyofanya kila jioni, "Nne-tatu, amepanda!" 

Injinia akaingia chumbani. "Citoyen Kabamba, jetoni za zamani ulitupa wapi?"

Nikauvuta mkebe kutoka chini ya meza. Tulizitundika pamoja, yeye safu tatu na mimi safu tatu, na mara mbili nilimkuta ameziweka mahali pasipo pake. Nilimwambia pia kwamba sitaki kazi ya ofisini. Jumapili akanichukua kwa gari lake hadi kwa Papa Mwansa, tukamkuta anatengeneza nyavu. Tulimsimulia yote. Mikono yake haikuacha nyavu mpaka nilipotaja zile namba nne. Akakunja vidole vyake mara mbili tatu.

"Mukia ulikuwa nne?"

"Nne, Papa."

"Muzuri," akasema, akaendelea na nyavu. Baadaye kidogo nikaona anafuta macho kwa kiganja.

Miaka ilipita, mashine za umeme za kuhesabu zikafika ofisini. Mtaalamu wake akatuambia zenyewe zinajua sifuri na moja tu, zinahesabu kwa mbili. Wenzangu walishangaa. Mimi nilizionea huruma, kukosa vidole kiasi hicho.

Ninyi mtakaofanya kazi na namba, msidhani kuna namna moja tu ya kuziandika. Kumi ni desturi, na desturi nzuri. Lakini mkikuta mtu wa kazi anahesabu kwa njia ya ajabu, muulizeni sababu kabla ya kumwaga jetoni zake kwenye mkebe. Mimi nilijua sababu na nikazimwaga, na siku nne baadaye nusura nizike marafiki wanne.

Feza nilimwambia jioni ileile, uwanjani, mikate ikiwa bado imetawanyika chini. Akasema alikuwa amechoka kuningoja. Tumezaa watoto, nao wamezaa. Mwezi uliopita simu ikalia asubuhi tukiwa uani, Kilufya amekuja kututembelea na fimbo yake, masikio yake hayasikii tena, kelele za mashine ziliyamaliza. Mjukuu mwingine amezaliwa, msichana. Feza akajaribu kumpigia kaka yake kelele sikioni, asisikie. Basi akaweka sufuria chini, akakumbuka tuna wajukuu wangapi sasa, akainua mikono yake miwili mbele ya uso wake. Kushoto vinne. Kulia vitatu.

Ishirini na saba. Kilufya akaitazama mikono ile. Kisha yule mzee asiyesikia akainuka kwenye kiti, akasimama wima kama mtu aliyeitwa zamu, akajibu kwa sauti iliyowatoa majirani nje.

"Niko!"